Ukimya na faragha mbele za Mungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu waliokuja kwenye mafungo ya kimya ninayosaidia kuyaongoza, na kwa wengine ambao hawajawahi kuja lakini wanatamani na wanaogopa. Ukiwa Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mmoraviani au Mpentekoste, humu hutakuwa mgeni. Mazoezi haya ni ya Kanisa zima.

Tunaposema ukimya na faragha, tunamaanisha nini hasa?

Ni kutenga muda, ukaachana na watu na sauti zao, ukakaa na Mungu bila shughuli nyingine. Faragha inahusu watu: unawaacha kidogo. Ukimya unahusu maneno, yakiwemo ya kwako mwenyewe. Huendi kuandaa somo la jumuiya, huendi kumalizia sura ulizopangiwa kwenye ratiba ya kusoma Biblia, wala huendi na orodha ya mahitaji. Unakwenda kuwa naye, basi.

Najua jibu hilo huwakatisha tamaa wengi, kwa sababu tumezoea kwenda mbele za Mungu tukiwa na jambo. Mambo yapo na yana nafasi yake. Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba mkate. Ila mtoto anayemtafuta baba yake siku za ada peke yake, ipo siku watajikuta wamekaa wawili sebuleni wasijue la kuzungumza. Waumini wengi waaminifu, wanaoomba kila siku, wamefika hapo na Mungu wao, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna njia nyingine ya kukaa naye.

Biblia inafundisha hivyo kweli?

Inafundisha, na anayefundisha zaidi ni Bwana mwenyewe kwa matendo yake. Fungua Marko sura ya 1. Jana yake Kapernaumu ilikuwa siku ndefu: alifundisha katika sinagogi, akamponya mkwewe Simoni, na jua lilipokuchwa mji wote ukakusanyika mlangoni na wagonjwa wao. Halafu mstari wa 35: alfajiri na mapema sana akaondoka, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Simoni na wenzake wakamfuata wakamwambia, “Watu wote wanakutafuta.” Jibu lake linashangaza: twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu.

Nakuomba ukae na jibu hilo. Mji mzima unamtaka, huduma imekubalika, wanafunzi wamefurahi. Mhubiri yeyote angerudi Kapernaumu. Yesu alitoka kwenye faragha akijua aende wapi, na sauti ya umati haikumwamulia. Luka anasema hiyo ilikuwa desturi yake (5:16), na kabla ya kuwachagua mitume kumi na wawili alikesha mlimani usiku kucha (6:12). Aliyekuwa na kazi kubwa kuliko zote duniani hakujiona ana shughuli nyingi kiasi cha kukosa muda huo.

Ukitaka kuendelea, soma Zaburi 62 na 131, Maombolezo 3:26, Habakuki 2:20, na habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Kwa Eliya tutarudi.

Haya si mambo ya watawa wa Kizungu?

Mizizi ya utawa wa Kikristo iko Afrika. Antoni, ambaye Kanisa linamwita baba wa watawa, alizaliwa Misri mnamo mwaka 251. Akiwa kijana aliyefiwa na wazazi, aliingia kanisani akasikia likisomwa neno la Bwana kwa yule tajiri: uza ulivyo navyo, uwape maskini. Akafanya hivyo. Baadaye aliishi peke yake kwenye ngome iliyoachwa, karibu miaka 20. Askofu Athanasi wa Aleksandria, aliyeandika maisha yake, anasema alipotoka humo watu walishangaa. Wakamkuta mtu mwenye afya, mtulivu, mwenye akili timamu, anayewafariji wenye huzuni na kupatanisha waliogombana. Alifariki mwaka 356, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 100.

Huko Sketi, jangwani humohumo Misri, aliishi pia Abba Musa Mwethiopia, mtu mweusi aliyekuwa jambazi kabla ya kuokoka na akawa mmoja wa wazee walioheshimika kuliko wote. Ndugu mmoja alipomwendea kutaka neno, alimwambia arudi akaketi chumbani mwake, na chumba hicho kitamfundisha kila kitu. Wazungu walijifunza haya kutoka kwa Waafrika. Mtawa Benedikto alipoandika Kanuni yake ya maisha ya watawa huko Italia katika karne ya 6, akiagiza kimya baada ya sala ya usiku, alikuwa anachota kisima kilichochimbwa Misri. Kwa hiyo Mwafrika anayejifunza kukaa kimya na Mungu ameshika urithi wa wazee wake wa imani.

Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Kwetu tumefundishwa kwamba ukinyamaza na kuacha akili wazi, unafungua mlango kwa pepo. Je, hii si yoga au tafakuri ya dini za Mashariki?

Amina. Hofu hiyo inatokana na kumpenda Bwana, nami naiheshimu.

Hatufundishi mtu kufuta akili. Mkristo akinyamaza, ananyamaza mbele ya Mtu anayemfahamu kwa jina, aliyejifunua katika Maandiko, aliyesulubiwa na kufufuka. Akili inabaki, imeelekezwa kwake. Ndiyo maana tunaanza na Neno, hata kama ni mstari mmoja, na tunamaliza na Neno. Zaburi 62 inasema, “Nafsi yangu yamngoja Mungu peke yake kwa kimya.” Anayengojewa ametajwa. Usipomtaja huyo, ukakaa tu ili upumzishe mishipa, umefanya jambo lingine. Pengine si baya kwa afya, lakini si hili tunalozungumzia.

Na hili la mlango: aliyenunuliwa kwa damu ya Yesu hapotezi ulinzi wake anapofunga mdomo. Kama ingekuwa hivyo, tungekuwa hatarini kila usiku tunapolala.

Mimi ni Mpentekoste. Sisi tunaomba kwa sauti, tunakesha, tunakemea. Kunyamaza si kupoa?

Endelea kuomba kwa sauti. Zaburi zimejaa vigelegele, matoazi na kelele za shangwe, na kesha limewavusha wengi kwenye mambo mazito. Lakini mkumbuke Hana kule Shilo, 1 Samweli 1. Aliomba kwa uchungu mkubwa, midomo ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa. Kuhani mzima, mzee wa hekalu, hakutambua maombi yaliyokuwa mbele ya macho yake kwa sababu hayakuwa na sauti. Mungu alimsikia Hana, akazaliwa Samweli, na Samweli huyo ndiye aliyefundishwa usiku kusema, “Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia.”

Swali langu kwa ndugu zangu wa maombi ya nguvu ni moja: baada ya kusema yote, huwa mnasubiri? Au tukishasema amina maikrofoni inapokelewa na mwingine? Hata mbinguni, muhuri ya saba ilipofunguliwa, kukawa kimya kama muda wa nusu saa (Ufunuo 8:1), na kimya hicho kimetangulia maombi ya watakatifu kupanda mbele za Mungu pamoja na moshi wa uvumba. Sioni kupoa hapo.

Nianzeje?

Anza na dakika kumi. Watu wenye bidii huniambia wataanza na saa nzima; wengi wao hawafiki wiki ya pili.

Chagua saa ambayo nyumba haijaamka. Kwa wengi ni saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajawasha redio. Simu iache chumba kingine, ikiwa imezimwa sauti. Usiitumie kuhesabu muda, kwa maana ukiishika tu utaona ujumbe. Saa ya mezani yenye kengele inatosha. Kaa kwenye kiti au mkeka, mgongo umenyooka, miguu imetulia. Ukipenda kupiga magoti piga, lakini magoti yakianza kuuma utakuwa unafikiria magoti.

Mwambie Bwana kwa maneno machache kwamba umekuja. Soma mstari mmoja polepole, mara mbili. Wengi huanza na Zaburi 46:10, “Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu.” Kisha funga kitabu na ukae.

Dakika ya kwanza huwa nzuri. Ya pili unakumbuka umeme wa LUKU unakaribia kuisha. Ya tatu, mchango wa kamati ya harusi, na kwamba mwenyekiti alikuandikia jana hujamjibu. Ya nne unamjibu mwenyekiti, kichwani, kwa maneno makali kuliko utakayothubutu kumtumia. Unapogundua umeondoka, usijikaripie. Rudi na jina la Yesu au na neno moja la ule mstari, moyoni, ukae tena. Utaondoka tena. Rudi tena. Wakristo wa Kiorthodoksi, ambao wapo pia Kenya, Uganda na Bukoba, hutumia sala fupi iliyopokewa tangu kale: “Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi.” Wanairudia taratibu, pamoja na pumzi. Ni msaada mkubwa kwa mwenye akili isiyotulia.

Kengele ikilia, sema Baba Yetu bila haraka, uinuke ukachemshe chai. Usikae kujipima kama imekwenda vizuri. Fanya hivyo mwezi mzima ndipo uongeze dakika, ukiona haja.

Mawazo yananishinda kabisa. Nifanye nini?

Ndiyo kazi yenyewe. Kila unaporudi umemchagua Mungu upya. Ukirudi mara ishirini, umemchagua mara ishirini. Sijui tendo la upendo lililo wazi zaidi ya hilo.

Lipo jambo lingine linalofanana na mawazo lakini ni zito zaidi, nalo ni kuchoka na kuchukia mahali ulipo. Evagrio wa Ponto, mtawa aliyefariki Misri mwaka 399, alilieleza kwa namna ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa moja kwa moja, maana saa walizihesabu kama sisi. Anasema humvamia mtawa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Jua linaonekana limesimama, siku imekuwa ndefu kama ya saa hamsini. Mtawa anachungulia dirishani, anatoka nje kutazama jua kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Anaangaza huku na huku labda ndugu mmoja atapita. Kisha anaanza kuichukia kazi ya mikono yake, anawaza kwamba upendo umetoweka kati ya ndugu, na kwamba kuna mahali pengine angemtumikia Mungu vizuri zaidi. Dawa yake ilikuwa kubaki. Ukisikia kishawishi cha kuinuka dakika tatu kabla ya kengele kwa sababu nzuri kabisa, ya kiroho hata, kaa mpaka ilie.

Nimekaa miezi, sijasikia chochote. Mungu hasemi na mimi?

Umeahidiwa uwepo wake. Hukuahidiwa kusikia sauti kila alfajiri. Hapa ndipo mafundisho mengi ya siku hizi yanapowaumiza watu, kwa kuwafanya waamini kwamba anayekaa na Mungu lazima atoke na ujumbe. Akikosa ujumbe anajiona amekataliwa, au, mbaya zaidi, anautunga.

Mtunga Zaburi 131 anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Ameachishwa: hanyonyi tena. Yupo kifuani bila kutafuta maziwa, kwa sababu ni mama. Kimya kisicho na ujumbe wala hisia kinaweza kuwa ndicho kile hasa ulichokuja kukitafuta. Wanaokaa hivyo kwa muda mrefu huwa hawana mengi ya kusimulia, na ukiwa karibu nao unajua wamekaa na nani.

Wazo likija kwa nguvu, nitajuaje kama ni la Mungu?

Lipime kwa Maandiko. Likigongana na amri ya upendo, liache. Mshirikishe mtu mzima kiimani asiyekuogopa. Na chukua ushauri wa Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliyejifunza mambo haya akiwa Manresa, Hispania, mwaka 1522: unapokuwa kwenye ukavu na giza, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Watu wamevunja uchumba, wameacha kazi na kuhama makanisa kwa sauti iliyowajia siku waliyokuwa wamechoka. Wazo la Mungu litakuwepo hata wiki ijayo.

Tunaishi chumba kimoja, mimi, mume wangu na watoto wanne. Faragha niitoe wapi?

Dada yangu, swali lako ndilo nililolifikiria zaidi ya yote, kwa sababu vitabu vingi kuhusu jambo hili vinaandikwa na watu wenye chumba cha ziada.

Kwanza, wewe una kielelezo katika Injili. Marko sura ya 6: watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, mitume hata nafasi ya kula hawakupata. Yesu akawaita waende faraghani, wapumzike kidogo. Wakapanda mashua, na walipofika, umati ulikuwa umeshatangulia kwa miguu! Faragha ikavunjika kabla ya kuanza. Yesu hakuwakasirikia, aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha. Jioni, alipokwisha kuwaaga, ndipo akapanda mlimani peke yake. Siku iliyoingiliwa na watoto haijaharibika. Utarudi jioni, au kesho.

Pili, faragha ya mtu wa uswahilini haina mlango, ina dakika. Mama mmoja alinieleza yake: jikoni nje, akisubiri uji uchemke, amekaa kwenye kigoda anautazama moto, na watoto wamejua kwamba mama akiwa kwenye kigoda bila kuimba asisemeshwe. Mwingine hukaa kiti cha dirishani kwenye daladala ya kwanza, kabla konda hajapata abiria wa kutosha kuanza kelele. Wengine hushuka kituo kimoja kabla. Ukifanya kazi katikati ya Dar es Salaam, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na kanisa la Kilutheri la Azania Front yako pale karibu na bandari. Nairobi kuna Kanisa Kuu la Familia Takatifu. Ingia saa ya chakula cha mchana, kaa benchi la nyuma. Ukikuta Wakatoliki wako kwenye kuabudu Ekaristi, utaona watu wa rika zote, makarani na mama ntilie, wamekaa bila neno. Hakuna atakayekuuliza wewe ni wa kanisa gani.

Tatu, mweleze mume wako, umwombe akushikie watoto robo saa siku mbili kwa wiki. Naye umpe zake.

Nikikaa kimya nalia, au yananijia mambo ya zamani. Niache?

Machozi peke yake yasikutishe, wala yeyote asikuambie ni pepo. Kelele za maisha zilikuwa zimefunika jambo, sasa limepata nafasi. Mwambie Bwana habari zake, kwa maneno. Hakuna sheria inayokukataza kusema.

Lakini nisikilize vizuri. Kama umepitia vita, kubakwa, kipigo cha muda mrefu au msiba wa ghafla, na kukaa kimya kunaleta kumbukumbu zinazokutetemesha, unakosa usingizi siku kadhaa, au unajikuta unatamani kufa, basi simama. Usikae peke yako. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, na uende hospitali, ukaonane na wahudumu wa afya ya akili. Huko si kukosa imani. Turudi kwa Eliya: alikimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu hakumpeleka mlima Horebu, alikosema naye baadaye, saa hiyohiyo. Alimlaza, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamlaza tena, akamlisha tena. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baada ya usingizi, chakula na safari ndefu. Nimeona wahudumu waliochakaa wakiambiwa wafunge na kujitenga, wakati walichohitaji kwanza ni kulala na kula.

Aliye na sonona anaweza bado kufanya zoezi hili kwa namna nyepesi: akitembea, macho wazi, dakika chache, pamoja na rafiki asiyesemasema.

Mimi tayari ni mpweke. Kwa nini nijiongezee upweke?

Swali zuri sana, hasa kwa wajane na kwa vijana waliohamia mjini au ughaibuni, ambao jioni zao ni kimya tupu. Neno la Mungu lenyewe linasema si vema mtu awe peke yake. Upweke ni kukosa watu unaowahitaji. Faragha ni kuwaacha kwa hiari huku ukijua utawarudia. Kama wewe huna wa kuwarudia, anza na jumuiya, kwaya, kikundi cha maombi, jirani. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwaka 1945, aliwafundisha wanafunzi wake wa uchungaji huko Finkenwalde pande zote mbili: asiyeweza kuwa peke yake ajihadhari na jumuiya, na asiye ndani ya jumuiya ajihadhari na kuwa peke yake. Wanafunzi hao walipangiwa nusu saa ya kutafakari Neno kimya kila siku, na wengi walilalamika mwanzoni.

Naweza kutumia Biblia ya kwenye simu?

Kwenye ibada nyingine, ndiyo. Kwenye hili, hapana. Nunua Biblia ya karatasi, hata iliyotumika.

Lazima nifunge kula?

Hapana.

Mafungo ya kimya huwa yakoje? Naweza kwenda kama si Mkatoliki?

Unaweza. Monasteri za Kibenediktini hapa Tanzania, Peramiho, Ndanda, Hanga na Mvimwa, zinafuata Kanuni ya Benedikto inayoagiza mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na wageni wa madhehebu mengine wamefika huko. Nairobi kuna kituo cha Wajesuiti cha Mwangaza. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yana vituo vyao. Piga simu mapema, uliza kama wana mafungo ya kimya, kwa sababu mafungo mengi ni ya semina na nyimbo.

Siku ya kwanza jioni simu hukusanywa. Chakula cha usiku ndicho kigumu kuliko sala: watu thelathini wamekaa mezani, kinachosikika ni vijiko na mbwa wa nje. Unataka chumvi, iko mbali, na hujui kuomba chumvi bila neno. Mtu wa mbele yako, usiyemjua jina, analiona jicho lako, anaisukuma chumvi. Kesho yake asubuhi utaanza kuwaangalia majirani zako na kuona wanahitaji nini kabla hawajanyoosha mkono. Wengi wameniambia walijifunza upendo kwenye meza ile kuliko kwenye mahubiri.

Siku ya pili utalala sana. Lala. Huenda kichwa kikauma na ukataka kuondoka kwa sababu ya jambo la nyumbani lililoonekana la dharura. Ikifika siku ya tatu, watu hutembea polepole zaidi. Kila siku unaonana na mwongozaji kwa muda mfupi, unamweleza yanayoendelea. Usimfiche, hata kama ni kuchoshwa. Beba Biblia, daftari, sweta na viatu vya kutembelea. Vitabu vingine viache nyumbani.

Nitajuaje kama kuna matunda?

Waulize unaoishi nao. Je, unawasikiliza bila kuwakatiza? Unajibu ujumbe wa kuudhi baada ya muda gani? Antoni alipotoka kwenye ngome, watu walimpima kwa namna alivyowafariji wengine, na Eliya alipotoka pangoni alipewa kazi: awatie mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Kimya kinachokufanya uwadharau waumini wanaopiga kelele, au ukwepe zamu yako ya kuosha vyombo, kina kasoro.

Mimi ni mchungaji. Naweza kuingiza ukimya kwenye ibada ya Jumapili?

Ningependa sana ufanye hivyo. Marafiki, yaani Quaker, walianza Uingereza katika karne ya 17 wakikaa kimya katika ibada mpaka mtu aone ameongozwa na Roho kusema. Wamisionari wao walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote, ingawa ibada zao nyingi huko sasa zina nyimbo na mahubiri kama zetu. Huhitaji kwenda mbali kama wazee wao. Chagua mahali pamoja, baada ya mahubiri au kabla ya ungamo, na uanze na dakika moja.

Waeleze waumini mapema ni dakika ngapi na wafanye nini, la sivyo watadhani umesahau kinachofuata au spika zimekatika. Wape mstari mmoja. Watoto wakilia, acha walie. Usimtazame mama yao. Wewe mwenyewe usiijaze dakika hiyo kwa kunong'ona kwenye maikrofoni. Na uzungumze na mpiga kinanda siku ya mazoezi, Jumamosi, kwa sababu atataka kupiga chinichini ili kuwasaidia watu. Mwombe aondoe mikono kwenye kinanda, akae na Mungu pamoja nao.